Polishi Ikishakula Rangi ya Gari

Kama mashine ya kupolishi imezimwa sasa hivi na umeona doa lililofifia katikati ya boneti, mwambie kijana aiweke chini. Asijaribu kulirudisha. Asibadilishe pedi, asiongeze kompaundi, wala asimwagie maji baridi bati lililopata moto. Doa hilo halikuletwa na uhaba wa polishi. Limeletwa na wingi wake, na kila mzunguko anaouongeza unachimba palepale palipokwisha kuchimbika.

Nakuambia hivyo kwa sababu siku yangu sikusema. Gari lilikuwa Toyota ya bluu iliyokoza, na jioni ile lilitakiwa kwenye msafara wa harusi ya shemeji yangu. Nililipeleka asubuhi likapigwe mashine. Kwenye saa tano kijana akaniita: "Kaka, hapa kuna kitu kidogo, ila nikiongeza kompaundi kitapotea." Nikamwambia aongeze. Kitu kidogo kilikuwa kama sarafu. Alipomaliza kilikuwa kama sahani ya chai. Doa tulilifunika kwa maua, na mpaka leo ndugu wanaotazama picha za harusi ile huuliza kwa nini gari lilipambwa upande mmoja.

Unene wa karatasi ya fotokopi

Shika karatasi moja ya fotokopi kati ya vidole viwili. Ina unene wa maikroni 100 hivi, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita. Rangi yote ya kiwandani, tangu bati hadi mng'ao, inakaribiana na karatasi hiyo: kwa magari mengi ni kati ya maikroni 90 na 150. Ndani ya unene huo mdogo kuna matabaka manne. La chini ni la kuzuia kutu, ambalo bodi huzamishwa nzimanzima kwenye tangi na kupitishiwa umeme ili lishike hadi pembeni. Juu yake kuna praima. Kisha inakuja rangi yenyewe, ambayo ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani, maikroni 15 au 20 tu, na peke yake haing'ai. Mwisho ni klia, maikroni 35 hadi 50, ambayo ni kama nusu ya unene wa unywele.

Klia ndiyo unayoiona iking'aa, na ndiyo yenye kemikali za kuzuia mionzi ya jua isifike kwenye rangi. Ni hiyo pia ambayo mashine inaila.

Kompaundi si dawa ya kuziba. Ni chembe ngumu za kusaga zilizochanganywa na mafuta na maji, msasa wa majimaji kwa maneno mengine. Mkwaruzo unapopotea, haukujazwa. Uwanja wote uliouzunguka umeteremshwa mpaka ukalingana na shimo. Polishi laini kwa pedi ya sponji na mashine inayotikisika huondoa chini ya maikroni moja. Kompaundi kali kwa pedi ya manyoya, kwenye mashine ya kuzunguka tu ambayo inaweza kufika mizunguko 3,000 kwa dakika, inaweza kuondoa maikroni kadhaa kwa siku moja. Watu makini wa kazi hii hawapendi kuondoa zaidi ya maikroni 8 hadi 10 za klia katika maisha yote ya gari. Fanya hesabu: mashine kabla ya Idi, mashine kabla ya Krismasi, mashine kabla ya kuuza.

Na kumbuka hesabu haikuanzia kwako. Gari la mtumba kutoka Japani huenda lilipolishiwa kabla ya mnada, na likapolishiwa tena kwenye yadi ya Dar es Salaam au Mombasa ili likuvutie ukipita. Kenya, kwa mfano, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Hata hilo la miaka 7 huenda limekwisha kukutana na pedi nyingi kabla ya kukutana na wewe.

Pima kwanza

Jambo la kwanza ni kujua umepoteza nini, na hapa ndipo wengi wanapokosea, maana hukimbilia kwa fundi rangi kwa kitu kisichohitaji rangi, au hukimbilia polishi kwa kitu ambacho polishi imekiua.

Osha gari kwa maji na shampuu yake, likauke kivulini. Kisha futa sehemu yenye wasiwasi kwa kitambaa laini chenye spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Hatua hii usiiruke. Polishi nyingi zina mafuta na vijazio vinavyoficha mikwaruzo kwa wiki mbili tatu; spiriti inaviondoa na unaona hali ilivyo. Nimewahi kuona boneti iliyokuwa kama kioo saa nne ikawa kama kitambaa cha kusugulia sufuria saa nne na dakika tano.

Sasa tazama kwa jua la mchana, au usiku kwa tochi moja yenye mwanga mkali, ukisogeza kichwa polepole. Ukiona mistari mirefu ya upinde inayocheza pamoja na mwanga, kama alama za ufagio kwenye uwanja uliofagiwa, hiyo ni michoro ya pedi. Klia ipo, imechorwa tu. Haya ndiyo madhara ya kawaida zaidi na ndiyo mepesi zaidi.

Ukiona doa lenye ukungu, lipulizie maji kidogo na ulitazame likiwa bichi. Doa likikolea na kufanana na rangi ya pembeni, kisha likarudi kufifia linapokauka, klia imeisha au imechoka lakini rangi ya chini bado ipo. Likibaki na rangi tofauti hata likiwa na maji, mashine imepita klia na kuila rangi yenyewe. Ukiona kijivu, cheupe au cheusi katikati, umefika kwenye praima, na baada ya hapo kinachofuata ni bati na kutu.

Ushahidi mwingine uko kwenye pedi. Klia inayosagwa hutoa mabaki meupe. Pedi ikitoka na rangi ya gari lako, gari la bluu pedi ya bluu, klia imetobolewa. Ila kuna magari yasiyoifuata kanuni hii: baadhi ya magari meupe, hasa Toyota zenye msimbo wa rangi 040, zilipakwa rangi ya tabaka moja isiyo na klia juu, na hizo hupaka pedi weupe wakati wote hata kama kazi inakwenda vizuri. Hapo usishituke kwa pedi. Shituka ukianza kuona rangi nyingine chini ya weupe.

Chunguza zaidi kwenye kingo: mstari wa mkunjo wa boneti, pembe za milango, ukingo wa fenda. Rangi ikiwa bado mbichi kiwandani huteleza na kuikimbia kona, kwa hiyo kona huwa na rangi nyembamba, na pedi nayo huielemea kona kuliko sehemu bapa. Fundi mzuri hubandika tepu ya karatasi kwenye mikunjo kabla ya kuwasha mashine. Kama wako hakubandika, anzia kutafuta hapo. Bampa nalo ni la plastiki. Halisambazi joto kama bati, hivyo huungua upesi.

Kama unaweza kuazima kipimo cha unene wa rangi, azima. Ni kidude kidogo kama simu, kinabanwa kwenye bodi na kutoa namba. Chini ya 80, liache gari hilo lipumzike. Kati ya 90 na 150 ni rangi ya kiwandani. Ikifika 200 au 300, paneli hiyo ilipigwa rangi upya, na ikipita 500 kuna puti chini. Kumbuka tu kwamba kinapima matabaka yote kwa pamoja, hakikuambii klia imebaki kiasi gani, na vipimo vya kawaida havifanyi kazi kwenye plastiki. Njia ya kukisoma kwa akili ni kulinganisha fenda ya kushoto na ya kulia mahali palepale. Tofauti ya maikroni 20 kati ya ndugu wawili waliozaliwa siku moja inataka maelezo.

Si kila kosa ni la mashine

Kabla hujaenda kugombana na mtu, hakikisha unagombana na mtu sahihi. Klia inayobanduka kwa magamba juu ya paa na boneti, huku milango ikiwa mizima, mara nyingi imechomwa na jua la miaka mingi. Mashine ilikuja tu kumalizia. Rangi nyeupe inayotoka vipande vikubwa hadi ukaona kijivu chini yake inaweza kuwa kasoro ya kiwandani: Toyota yenyewe, nchini Marekani, ilitangaza mpango wa kupaka upya baadhi ya magari ya rangi 040 na 070, kwa kuwa jua lilikuwa limedhoofisha mshikamano wa praima na tabaka lililo chini yake. Na klia inayobanduka kwenye paneli moja tu, ikiacha mstari ulionyooka, inakuambia paneli hiyo ilipakwa upya na mtu mwingine kabla yako.

Kama una karatasi ya mnada ya gari lako, itoe kwenye faili. Kwenye ule mchoro wa gari, herufi A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, P ni kasoro ya rangi, na W ni mahali palipokarabatiwa. Boneti iliyoandikwa W2 mwaka ule haikuwa na rangi ya kiwandani hata siku ulipoinunua.

Kinachoweza kurudi, na kisichorudi

Michoro ya pedi inarudi. Tumia mashine inayotikisika, pedi laini ya sponji na polishi ya kumalizia, si kompaundi. Jaribu kwanza eneo la ukubwa wa karatasi ya daftari, futa kwa spiriti, tazama. Mpito mmoja ukitosha, usipige wa pili. Ikibaki mistari michache inayoonekana kwa tochi tu, iache. Hakuna anayekutembelea na tochi.

Klia iliyopungua lakini haijaisha hairudi, inatunzwa tu. Hapa utauziwa mengi. Utaambiwa nta itairudisha, utaambiwa keramiki itaongeza klia. Nta ni kinga ya wiki au miezi. Ipake, haina ubaya. Keramiki nyingi zikikauka zina unene wa maikroni moja au mbili, ambazo haziwezi kufanya kazi ya 20 zilizosagwa. Kinachosaidia kweli ni kivuli. Egesha chini ya mti usiotoa utomvu, au nunua turubai la gari, lakini usilifunike gari lenye vumbi maana turubai likipepea ni msasa. Na usibandike stika kubwa kuficha eneo hilo: siku ya kuibandua huenda ikaondoka na klia iliyosalia.

Doa lililotoboka kwenye kona, dogo kuliko ukucha, unaweza kulitibu mwenyewe kwa brashi nyembamba. Safisha kwa spiriti, paka rangi yenye msimbo wako tabaka jembamba, subiri likauke, paka la pili, malizia na klia ya brashi. Litaonekana ukilitafuta. Lakini maji hayatafika kwenye bati, na hilo ndilo ulilokuwa unalitaka.

Doa la ukubwa wa sahani, kama langu, linataka fundi rangi. Hapa kuna njia ya mkato ambayo utapewa kwa bei nzuri: kupuliza klia palepale kwenye doa tu na kuisugua pembeni ili ifiche mpaka wake. Ikataze. Mpaka ule utaonekana baada ya miezi, kisha utaanza kunyanyuka na kubanduka. Klia inapigwa paneli nzima, kutoka ukingo hadi ukingo. Rangi ya chini inaweza kupulizwa eneo dogo na kufifishwa taratibu, na kama gari lako ni la metaliki au la lulu, huenda ikabidi ifikishwe kwenye fenda za jirani ili jicho lisione panapobadilika. Gharama yake inauma, lakini kazi hiyo utailipia mara moja.

Mazungumzo na fundi rangi

Mfikie ukiwa na msimbo wa rangi mkononi. Kwenye Toyota uko kwenye bamba, mara nyingi kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti, mbele ya herufi C/TR. Msimbo ni mwanzo tu, kwa sababu gari lililokaa juani miaka kumi si rangi ileile tena. Mwambie achanganye, apulize kwenye kipande cha bati, kisha kiwekwe juu ya gari nje, juani, mkitazame wote wawili. Akisema macho yake yanatosha, mwambie na yako yanataka kuona.

Muulize klia anayotumia. Unataka klia ya 2K, ile inayochanganywa na hadina kwa kipimo cha mtengenezaji na inayokauka kwa kemia, si kwa upepo. Klia inayokatwa kwa thina peke yake inang'aa vizuri siku ya kulichukua gari, ila jua na matone ya petroli vitaishughulikia. Namna ya kujua baadaye: futa sehemu isiyoonekana kwa kitambaa chenye thina kidogo. 2K iliyoiva haitoki. Ile nyingine inalainika na kunata. Pwani kwenye joto, muulize pia kama ana hadina na thina za hali ya joto, zinazokauka polepole, la sivyo klia haipati muda wa kutandazika na utapata uso kama ganda la chungwa.

Mwambie ukweli kuhusu polishi zote ulizopaka. Zile zenye silikoni zikibaki kwenye bodi, rangi mpya huzikimbia na kuacha vishimo vya duara ambavyo mafundi huviita macho ya samaki. Lazima afute kwa dawa ya kuondoa mafuta kabla ya msasa, si baada yake tu. Msasa ukitangulia, silikoni inasukumwa ndani.

Na hili si la rangi ya gari lakini nitalisema. Hadina ya 2K ina isosaiyaneti, kemikali inayoweza kumtia mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haifanyi kitu mbele yake. Ukiona kijana anapuliza akiwa amejifunga fulana usoni, uani palipo na watoto wanaocheza, tafuta gereji nyingine. Anayempuuza kijana wake kiasi hicho hatahangaika na boneti yako.

Aliyeharibu unamfanyaje? Piga picha saa ileile, gari likiwa bado hapohapo: doa, pedi yenye rangi, chupa ya kompaundi. Ongea kabla hujaondoka. Kudai urudishiwe pesa ya kupolishi ni kudai kidogo mno, na kudai gari lipakwe zima ni kujitafutia ugomvi. Dai paneli iliyoharibika, ipakwe na fundi utakayemchagua wewe. Wengi hukubali kuchangia wakiona unajua unachosema. Wa kwangu alilipa nusu, nami nikaridhika, maana "ongeza" niliisema mwenyewe.

Rangi mpya ikishapigwa, isipakwe nta kwa siku 30 hivi, ngoja ipumue. Ioshe kwa maji tu na mkono mwepesi.

Baada ya hapo kazi yako kubwa ni kuosha, kwa sababu mikwaruzo ambayo mashine inaitwa kuja kuiondoa huletwa na uoshaji. Sponji ileile iliyotoka kwenye tairi, ndoo moja yenye mchanga chini, sabuni ya unga ya kufulia, taulo lililoanguka likaokotwa. Nunua ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na vitambaa viwili vya maikrofaiba, uviweke kwenye buti. Ukienda kuoshewa, vitoe. Utachekwa mara ya kwanza. Mara ya tatu watakuwa wanakuuliza umevileta. Mwambie anayeosha amwagie gari maji mengi kwanza kabla ya kuligusa, aanzie paa ashuke, na magurudumu yawe ya mwisho. Mkwaruzo ambao ukucha ukipita juu yake unakwama hautoki kwa polishi yoyote bila kuimaliza klia, kwa hiyo usimruhusu mtu aanze kuufukuza.

Na siku ile utakapoazima kipimo, pima paneli zote, mahali pawili pawili, andika namba na tarehe kwenye karatasi uiweke pamoja na kadi ya gari. Yangu iko pale: boneti 240 baada ya kupakwa, paa 88, mlango wa dereva 112 na mkwaruzo mmoja wa baiskeli ya mtoto, urefu wa kiganja, ambao bado upo.